Usiniulize Albamu Bora ya Kamaru

Kuna ubishi mmoja huku Juja ambao hauishi. Dereva wa mathree ya Thika aweke benga ya kitambo jioni, na kabla hamjafika Witeithie abiria wawili washaanza kurushiana maneno. Mmoja anasema Joseph Kamaru ndiye mkubwa wao wote. Mwingine anamuuliza: Kamaru yupi? Yule wa "Celina", yule wa "J.M. Kariuki", ama yule aliyeokoka akageukia injili? Kisha msee wa kiti cha nyuma anaingilia, ati hakuna aliyewahi kumfikia John De'Mathew. Hapo sasa kelele inaanza kabisa, juu De'Mathew alikuwa mtu wa Gatanga, hapa tu karibu, na Agosti 2019 akafa kwa ajali ya gari hapo hapo Thika. Ukimtaja vibaya huku, jua umegusa msiba wa watu.

Huo ubishi naupenda. Kitu sikipendi ni vile sisi wa rika langu tumeanza kuubeba. Tunauliza maswali mawili tu: albamu yake bora ni gani, na shoo yake kali zaidi ya laivu ilikuwa gani? Hayo ni maswali ya mashabiki wa rock. Mtu wa Neil Young ama wa Bob Dylan anaweza kukaa usiku mzima akipanga albamu kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, na ako na haki, juu wanamuziki wake walitengeneza albamu kama mtu anayejenga nyumba, chumba kwa chumba. Lakini ukimletea Kamaru swali hilo, ni kama kupima unga kwa rula. Utapata jibu, sawa, lakini chapati hazitatoka.

Mimi nasema hivi: Kamaru hakuwa mtu wa albamu. Kamaru alikuwa gazeti. Na gazeti huwezi kulipima kwa kuuliza nakala gani ina karatasi nzuri. Unauliza: siku hiyo kulikuwa na habari gani, nani alithubutu kuiandika, na ilimgharimu nini?

Kwa wale hawamjui, wacha nimweleze haraka. Joseph Kamaru alizaliwa 1939 huko Kang'ema, Murang'a. Akaingia Nairobi 1957, kijana wa miaka kumi na nane akitafuta kazi, Hali ya Hatari ikiwa bado haijaisha. Alianza kurekodi katikati ya miaka ya 60, na 1967 akavuma na "Celina", aliyoimba na dada yake, Catherine Muthoni. Baadaye akawa na bendi, Kamaru Super Stars, na lebo yake mwenyewe, City Sounds. Alifariki Nairobi tarehe 3 Oktoba 2018. Mimi nilikuwa shule ya upili, na nakumbuka redio za Kikuyu zikimpiga siku nzima huku sisi tukiuliza huyu mzee ni nani.

Sasa angalia huo mwaka wa 1967. Huko London, Beatles walikuwa washaacha kuzunguka na shoo, wakajifungia studio, wakatoa "Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band". Watu wengi wa rock watakuambia hapo ndipo albamu ilikuwa kazi moja nzima, ya kusikiliza kutoka mwanzo hadi mwisho. Mwaka huo huo, Nairobi, msee wa Murang'a anatoa wimbo wake kwa santuri ndogo ya 45.

Kama hujawahi kuiona, santuri ya 45 ni ile inatoshea kwa sahani, inazunguka mara 45 kwa dakika. Upande mmoja unabeba dakika tatu, nne hivi. Kwa hivyo wimbo mrefu ulikuwa unakatwa katikati: sehemu ya kwanza upande huu, kisha unanyanyua sindano, unageuza, unaendelea. Benga ilitoka hivyo, rumba ya Kongo ilitoka hivyo. Ndiyo maana ngoma nyingi za kitambo zinaanza na maneno, halafu gitaa zinachukua nafasi yote mwishoni. Maneno upande wa kwanza, kucheza upande wa pili. LP kubwa zilikuwepo pia, lakini mara nyingi zilikuwa mkusanyiko wa nyimbo ambazo watu washazinunua moja moja. Ukiniambia LP fulani ndiyo "albamu bora ya Kamaru", mara nyingi unasifu uamuzi wa mtu wa ofisini aliyechagua nyimbo gani ziwekwe pamoja.

Na 45 ilikuwa na nguvu ambayo LP haina: mbio. Kitu kinatokea, mwimbaji anaandika, anaingia studio, santuri inatoka, inafika River Road, inapanda basi, inafika Murang'a na Nyeri. Mtu mwenye gramafoni anaweka, majirani wanakuja kuskia. Hiyo ndiyo naita gazeti.

Hata rock yenyewe inajua hii kitu, ni vile tu mashabiki wake husahau. Tarehe 4 Mei 1970, wanajeshi walipiga risasi wanafunzi katika chuo cha Kent State, Ohio, Marekani, wakaua wanne. Neil Young akaandika "Ohio". Kundi lake na Crosby, Stills na Nash wakairekodi mwezi huo huo, na kufikia Juni ilikuwa sokoni kama santuri ndogo. Haikungojea albamu. Kwa hivyo huyo mtu anayepanga albamu za Neil Young kutoka ya kwanza hadi ya mwisho anaweza kuruka moja ya nyimbo zake nzito zaidi, kwa sababu ilipozaliwa haikuwa ndani ya albamu yoyote.

Sisi "Ohio" yetu ilikuja 1975.

Josiah Mwangi Kariuki, JM, alikuwa mbunge wa Nyandarua Kaskazini. Wakati wa Mau Mau aliwekwa kizuizini na Waingereza. Baadaye akawa katibu wa Jomo Kenyatta. Halafu akaanza kusema hadharani kwamba uhuru umeliwa na wachache: mashamba yao, pesa zao, wananchi wanabaki wakiangalia. Tarehe 2 Machi 1975 alionekana akitoka Hilton, Nairobi, akiwa na mkubwa wa GSU. Hakurudi nyumbani. Watu walipoanza kuuliza yuko wapi, gazeti moja kubwa la Nairobi likaandika yuko Zambia. Kumbe mwili wake ulikuwa umepatikana Ngong, na siku zilipita kabla ya familia kuutambua. Bunge likaunda kamati, na Juni ripoti ikasomwa. Hadi leo hakuna mtu amefungwa kwa hayo mauaji.

Shuleni hii stori nilipewa kwa aya moja. Jina, mwaka, "aliuawa katika hali ya kutatanisha", twende mada inayofuata.

Kamaru aliitoa kwa santuri. Mwaka huo huo wa 1975 akarekodi wimbo wa kulaani mauaji ya JM, jina la marehemu likiwa hapo juu kwa lebo, wazi. Na kumbuka Kamaru hakuwa adui wa serikali. Alikuwa karibu na Kenyatta. Huo urafiki ukaishia hapo. Sasa fikiria vizuri: gazeti lenye wahariri na mashine kubwa liliandika Zambia, na mtu mwenye gitaa akaimba kwamba JM ameuawa. Ukiniuliza kwa nini wazee huku wanamheshimu hivyo, usinipeleke kwa sauti yake wala kwa gitaa. Nipeleke hapo.

Na JM haikuwa mara yake ya kwanza kuchokoza. Miaka ya nyuma kidogo alikuwa ametoa "Ndari ya Mwarimu", kuhusu mwalimu anayemfanya mwanafunzi mpenzi wake. Walimu walikasirika hadi chama chao, KNUT, kikatishia mgomo. Si kwa sababu ya mshahara, kwa sababu ya wimbo! Manze, leo msanii akitoa ngoma kuhusu mwalimu na mwanafunzi, tutabishana siku mbili kisha tusahau. Wakati huo ilionekana ni hatari ya kusimamisha shule za nchi nzima. Hebu jiulize ni nani aliogopa, na aliogopa nini.

Sasa najua mtu amekaa hapo akingoja kuniangusha. "Na 'Safari ya Japan' je?" Sawa, tuiweke mezani. Mwanzoni mwa miaka ya 80, Kamaru alikuwa kwa msafara wa Rais Moi kwenda Japan, na aliporudi akatoa wimbo wa kumsifu Moi. Kwa wengine hapo ndipo Kamaru aliisha. Kwa wengine hiyo ngoma ni tamu tu, wacha siasa.

Mimi siifichi na siitetei. Gazeti lolote likikaa miaka mingi litakuwa na kurasa za ujasiri na kurasa za kumpigia mkubwa makofi. Ukitaka kujua nchi ilikuwa aje, unahitaji zote mbili. Weka "J.M. Kariuki" na "Safari ya Japan" kando kando, uzisikilize kwa mfululizo, na utapata somo la Kenya ambalo albamu moja safi haiwezi kukupa: mtu yule yule, sauti ile ile, miaka michache tu katikati, rais mmoja ameenda na mwingine amekuja. Anayechagua Kamaru mmoja na kuzika mwingine anajitengenezea shujaa wa plastiki.

Tuje kwa laivu, juu hapo ndipo wazee hutumaliza. Unamwambia guka umesikiliza Kamaru, anacheka: "Wewe umeskia santuri. Sisi tulimwona." Na ako na ukweli wake. Santuri ina dakika nne. Usiku wa dansi ulikuwa na saa nane. Wimbo uliokatwa kwa studio ulirefushwa ukumbini hadi watu wachoke wenyewe. Maneno yaliongezwa, mtu akatajwa, fumbo likafumbuliwa kidogo kisha likafungwa tena. Na kulikuwa na mambo ambayo hayangeingia kwa redio kabisa: miaka ya 80 Kamaru alikuwa na shoo za watu wazima peke yao. Kwa hivyo yule Kamaru wa adabu na mawaidha, anayekanya vijana na kutetea mila, usiku wa wikendi alikuwa na upande mwingine, na watu walilipa kuuona.

Lakini shoo gani ilikuwa bora? Hapo ndipo swali linakwama. Dylan akipiga shoo, kuna mtu anarekodi, miaka hamsini baadaye mashabiki wanalinganisha usiku wa Jumanne na wa Jumatano. Sisi hatuna kanda za kulinganisha. Tuko na mashahidi tu, na mashahidi wanazeeka. Guka mmoja wa Kalimoni nilimuuliza kuhusu dansi za Kamaru, nikidhani ataniambia wimbo. Akaniambia viatu. Alikuwa amenunua viatu vipya kwa ajili ya huo usiku, na alfajiri akarudi nyumbani kwa mguu akivishika mkononi visiharibike na tope. Huo ni ushahidi wa shoo kali kuliko orodha yoyote ya nyimbo. Ila mimi ndiye nilikuwa wa kwanza kumuuliza, na yeye ako juu ya miaka themanini.

Kisha ikaja kanda. Miaka ya 80 kaseti ilichukua nafasi ya santuri, na kwa wanamuziki ilikuwa baraka na laana. Laana kwa sababu mtu yeyote na mashine mbili angeweza kunakili kazi yako na kuiuza. Baraka kwa sababu gazeti sasa lilipata magurudumu. Kaseti inaingia matatu. Abiria wote wanaskia kitu kimoja kwa wakati mmoja, na hakuna anayeweza kusema nani alikiweka. Mwaka 1990, watu walipokuwa wanadai vyama vingi, Muoroto ikiwa imebomolewa Mei na Saba Saba ikifuata Julai, serikali iliona hiyo hatari. Polisi walikamata kanda za nyimbo za siasa za Kikuyu, na waliouza wakajikuta seli. Kamaru mwenyewe alikuwa amesimama upande wa vyama vingi, na urafiki na Moi ukavunjika kama ule wa Kenyatta ulivyovunjika. Marais wawili, mara mbili. Kuna wanasiasa wamekaa bungeni miaka thelathini bila kupoteza rafiki hata mmoja.

Halafu 1993 akatangaza ameokoka. Akavunja Kamaru Super Stars, akaanzisha kwaya ya injili. Wako mashabiki ambao hadi leo hawajamsamehe. Wanasema aliwaacha. Mimi nasoma hivi: hata huo uamuzi ulikuwa habari ya wakati wake. Miaka ya 90 Kenya nzima ilikuwa inaokoka, mahema ya mikutano ya injili kila uwanja, kazi zimepotea, pesa imeisha thamani. Kamaru hakuwa amesimama nje ya nchi akiitazama. Alikuwa ndani, na iligeuka naye.

Na hii si stori ya Wakikuyu peke yao, tafadhali usiniletee ukabila. Benga yenyewe ilitoka Nyanza. D.O. Misiani wa Shirati Jazz, mzaliwa wa upande wa Tanzania, aliimba siasa kwa mafumbo ya wanyama, na serikali haikukosa kuelewa mafumbo. Aliwahi kukamatwa na kufukuzwa Kenya kwa sababu ya nyimbo. Mashabiki wake hubishana vile vile: Misiani wa mwaka gani? Ukiwa huelewi Kijaluo ama Kikuyu, tafuta mtu wa lugha hiyo akutafsirie mstari kwa mstari. Juja iko na wanafunzi wa JKUAT kutoka kila kaunti. Huwezi kukosa mtu.

Leo Kamaru unaweza kumpata kwa urahisi kuliko baba zetu walivyompata, na sababu moja ni mjukuu wake. Naye anaitwa Joseph Kamaru, kama desturi ya kumpa mtoto jina la guka wake, lakini dunia inamjua kama KMRU. Anaishi Berlin na anatengeneza muziki wa sauti za polepole, milio ya mtaa na mashine, bila gitaa la benga hata moja. Yeye ndiye amekuwa akizirudisha nyimbo za babu yake kwa Bandcamp, na kuna mkusanyiko unaoitwa "Heavy Combination" unaobeba kazi za 1966 hadi 2007. Hapo mtu atasema, haya basi, hiyo si albamu bora? Hapana. Hiyo ni sanduku la magazeti ya zamani ambalo mtu wa familia amelitoa vumbi. Kazi ya kuyasoma ni yetu.

Na ni kazi ya haraka. Juni 2024 tulikuwa barabarani, na wimbo tuliobeba ulikuwa "Anguka Nayo" ya Wadagliz, ngoma ya kucheza ambayo umati uliichukua na kuipa maana mpya. Sina shida na hiyo, ilitubamba na ilitushikilia. Lakini baada ya miaka hamsini mtoto akiiskia, haitamwambia nani alikufa, wala tarehe, wala ni nani aliulizwa akanyamaza. Wimbo wa Kamaru wa 1975 bado unasema jina. Vijana wenzetu waliokufa mwaka huo wako na majina pia. Nani ameyaimba?

Kwa hivyo ukinikuta kwa mathree na uniulize Kamaru bora ni yupi, jibu langu ni 1975, santuri moja ndogo yenye jina la JM. Si kwa sababu ndiyo tamu kuliko zote. Kucheza, nitachagua "Muhiki wa Mikosi" kila siku. Nachagua JM kwa sababu ilisemwa wakati kuisema kulikuwa na bei, na aliyeisema alilipa.

Wewe bisha, hiyo ni haki yako. Lakini ukichagua wimbo wako, njoo na mwaka wake na kitu kilichokuwa kikitokea mwaka huo. Na kabla ya hapo, pitia kwa guka ama cucu wako wikendi hii, weka simu irekodi, umuulize alimwona nani akipiga, wapi, na aliendaje nyumbani.